Wiki ya Tatu, Mwezi wa Karkidakam

Miaka thelathini na moja nilikata tiketi
kituo cha Shoranur, dirisha la pili,
mkono mmoja kwenye muhuri, mmoja kwenye chenji,
na Balan alipofariki nilirudi kazini siku ya kumi na saba
kwa sababu treni ya Mangaluru haimsubiri mjane.

Watu wakanisifu: Thankamani ana moyo.
Moyo upo. Uliopotea ni usingizi.

Tabibu Unnimaya hakuniuliza nalia mara ngapi.
Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu
kama anayetegea sikio ukuta wa jirani,
akasema, Upepo umekujaa, mama,
umekaa mwilini kama mgeni asiyejua kuaga.
Akaniagiza uji wa mchele mwekundu na uwatu,
mafuta ya ufuta yapashwe, yasichemke,
na tuanze na nyayo.

Nyayo? Mimi naumwa hapa.
Najua. Tunapitia mlango wa nyuma.

Mvua ya Karkidakam haina adabu,
inapiga vigae toka alfajiri kama mdai.
Mkeka sakafuni, miguu nimeiegemeza ukutani,
na zoezi lenyewe ndilo hilo tu!
Nilidhani yoga ni kujikunja kama wale wa kwenye kalenda,
nijitese mpaka nisahau.
Akanitilia mto chini ya kiuno.
Usivute, akasema, mwili si punda.
Pumzi ikikwama gotini, ingojee hapo hapo.

Wiki ya kwanza nilihesabu vigae.
Wiki ya pili nilimkasirikia Balan:
kwa kuacha miwani yake juu ya friji,
kwa kufa Jumanne, siku ya samaki,
samaki wake wawili bado wamo kwenye barafu.
Kumbe nilikuwa na hasira,
mimi, mpole wa dirisha la pili.

Wiki ya tatu, Omana, msichana wa mafuta,
alifika kwenye kisigino changu cha kushoto,
kile chenye ufa,
alichokuwa Balan akikisugua kwa jiwe kila Jumapili
huku akiimba vibaya makusudi.

Kitu kikaachia.
Sikulia vizuri kama wanavyolia kwenye filamu.
Kamasi, kwikwi, bakuli la shaba likapinduka,
mafuta yakatambaa hadi mlangoni.
Omana hakusema pole.
Aliendelea: kidole gumba, cha pili, cha tatu,
taratibu, kama anayehesabu chenji asimpunje mtu.

Sijapona. Kupona nakujua kwa jina tu.
Ila leo nimelala mchana,
treni ya Mangaluru ikapita ikipiga honi
na sikuitazama saa.

Jioni niliishusha miwani juu ya friji,
nikaifuta vumbi kwa pindo la sari,
kioo kikabaki na alama ya mafuta.
Nikairudisha pale pale.