Nafasi ya Sita

Ghalani Isevya, ndoo arobaini na mbili zimepangwa ukutani,
kila moja na jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito:
Kapela, Lugusha, Kapela tena, Mwanamila.
Nadondosha tone kwenye kioo cha kipimo, nakielekeza dirishani,
nasoma maji yaliyojificha ndani ya asali,
naandika.

Kumi na saba nukta nne. Kumi na nane. Ishirini kamili.
Namba zinajipanga kwenye safu
kama watu mashineni, kila mmoja na debe lake la mahindi.

Kisha nikaiwekea kompyuta sharti, mstari mmoja tu:
nitafutie ya kwanza iliyozidi ishirini,
uniambie iko nafasi gani.

Haina papara. Haina pua.
Haijui mtundu unanukiaje ukichanua,
wala nani alilala porini siku nane akilinda mizinga.
Inamshika wa kwanza, inamuuliza, inamwachia.
Inamshika wa pili, swali lile lile,
bila kusalimia.

Shangazi yangu alichambua maharage hivyo,
ungo magotini, masikio redioni.
Ila yeye alikuwa akisita.
Punje yenye doa aliigeuza mara mbili,
na siku nyingine aliisamehe.

Jibu likatoka: 6.
Nikaenda ukutani, nikahesabu kwa kidole,
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Nyamizi Kasubi.
Nikaipiga ndoo yake msalaba wa chaki.

Alikuja Jumanne na basi la asubuhi kutoka Sikonge.
Hakugomba. Alichovya kidole, akalamba, akanitazama
kama mgonjwa anayemtazama daktari
aliyeshika faili la jirani.
"Nilingoja nyuki wazibe sega zima kwa nta.
Maji yaliingilia wapi?"

Nikapima. Kumi na saba nukta tisa.
Nikafuta kioo kwa upindo wa kanga, nikapima.
Kumi na saba nukta tisa.

Usiku umeme umekatika, ndipo nikaona.
Mashine huanza kuhesabu na sifuri.
Ndoo ya kwanza ukutani, kwake ni sifuri;
sita yake ni saba yangu.
Haikunidanganya. Niliuliza wapi, ikajibu wapi
kwa hesabu ya kwao,
nami nikasikia kwa hesabu ya kwetu.
Na sisi, tunaotazama mshale kwenye saba
tukasema saa moja,
ndio tuliopaswa kuelewa kabla ya wengine.

Ndoo ya saba: Lugusha mdogo, ishirini na moja nukta tatu.
Ameshalipwa. Ameshanunua bati.

Nikaongeza moja kwenye jibu. Ni kazi ya sekunde mbili.
Msalaba wa chaki niliufuta kwa kitambaa kibichi
na bado ukiinama kwenye mwanga unauona.

Kapela naye hajui alivyopona.
Ile ishirini kamili ni yake,
na sharti langu lilisema "iliyozidi".
Ningeongeza vile vistari vya "sawa na",
ndoo yake ingerudi Sikonge.
Sijamwambia. Nikikutana naye Kanyenye
ananiuliza habari za kazi, nami nasema njema.

Msimu huu Nyamizi ameleta ndoo tano.
Alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni,
mpaka jibu likatoka: hasi moja.
"Inasemaje?"
Nikamwambia: imepita zote, haikuona mbaya.
"Sasa kama haikuona, namba ya nini?"
Nikamweleza kwamba hiyo ni nafasi isiyokuwepo,
ndoo iliyo kabla ya ndoo ya sifuri,
na ndivyo inavyosema hakuna.

Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.
Kisha akaenda ukutani
akaanza kuhesabu ndoo zake mwenyewe,
kwa sauti, akizigonga vifuniko,
moja.