Ukarabati

Kwenye fomu ya mkopo wa Sacco, palipoandikwa Madhumuni,
niliandika: ukarabati.
Karani hakuuliza wa nini.
Angeuliza ningemjibu: wa paa.
Wala nisingekuwa nimesema uongo.

Miaka ishirini na sita, dirisha namba tisa,
nachambua faili za mashamba ya watu
huku paji la uso likiteremka taratibu
kama pazia lililokatika ndoano.
Wateja wananisalimu kwa woga:
"Mama, tumekukosea?"
Hamjanikosea. Ndivyo nyusi zilivyokaa.
Moyoni nacheka, usoni mawingu ya Julai,
yale ya Nairobi, yasiyonyesha wala kuondoka.

Na si urembo tu, msinicheke mapema.
Ngozi ilikwisha kulalia kope.
Kusoma bango la barabara niliinua kidevu
kama mtu anayenusa moshi,
na jioni kichwa kikauma
kwa kuzishikilia nyusi kutwa nzima,
mlango wa duka usiotaka kubaki wazi.

Daktari Achola, ghorofa ya sita, Upper Hill,
alinipa kioo, akaweka vidole gumba viwili,
akavuta juu, nusu kidole tu.
Loo!
Mkamburi wa mwaka wa themanini na tisa
alinitazama kana kwamba nimemkopa akasahaulika.
Kisha daktari akaachia.

Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.
Nitakata nyuma ya mstari wa nywele, akasema.
Utosi utakufa ganzi, pengine miezi, pengine zaidi.
Kando ya kovu nywele huweza kunyonyoka.
Na ngozi zetu hizi, kovu huweza kuumuka kama andazi.
Unalo kovu lolote?
Nikamwonyesha la chanjo, begani. Limetulia.
Akaridhika nusu.
Nyusi zinaweza zisilingane.
Saa nitairudisha nyuma, kuisimamisha siwezi.
"Na huzuni?"
"Hiyo haionekani kwenye picha," akasema,
akaandika kitu.

Siku ya nne uso ulikuwa biringanya.
Nilijifungia South B na pakiti za njegere za barafu,
ambazo baadaye nilizipika kwa nazi, hasara ya nini.
Utosi uliwasha, na nikikuna
ni kama nakuna kichwa cha jirani.

Mwezi wa tatu, asubuhi, karibu na Nyayo,
niliwaona korongo juu ya migunga,
vipara vyao, mikunjo yao, hawana habari.
Niliwaona wote, hadi tawi la mwisho,
na kidevu changu kimetulia mahali pake.
Nikasimama pale hadi askari wa kanjo akaniuliza kama nimepotea.

Kazini watu wakaanza kunitabasamia.
Nilipenda. Sitadanganya.
Dalali Musembi naye alipenda:
akasukuma faili lenye hati mbili za kiwanja kimoja.
Zamani ningekunja ndita tu,
angelikusanya mwenyewe na kutafuta mlango.
Nilikunja.
Hakikukunjika kitu.
Ikabidi nitumie mdomo, tena kwa sauti,
foleni nzima ikageuka.

Lakini ndita zile zilikuwa za mama.
Picha hakuacha, ila ile ya kitambulisho,
imefifia, hata pua ni ya kukisia.
Nilizoea kukutana naye alfajiri nikipiga mswaki:
amekasirika bila sababu, kama kawaida yake,
nami namwambia, shikamoo, leo kuna baridi.
Hili daktari hakulitaja.
Nami sikujua kuliuliza.

Siku hizi anakuja usiku tu, nikichoka sana,
na ni upande wa kushoto peke yake,
nyusi ile iliyobaki chini kidogo.
Achola anasema anaweza kuisawazisha, bila malipo.
Nimemwambia aiache.

Mkopo umebaki miezi kumi na minne.