Birika Liitwalo Jumanne

Asubuhi ile, Ibra, jua halijapanda ukuta wa jirani,
Ghaniya aliniambia, "Niletee Jumanne,"
mkono kaunyoosha kwenye birika.
Nikacheka. Miaka kumi na tisa ya ndoa,
mtu huzoea mizaha ya mwenzake.
Yeye hakucheka.

Siku mbili alikuwa na homa, kichwa kinamgonga.
Tukasema kiyoyozi, tukasema vumbi la Sharkiya,
tukasema madaftari: sabini, yote ya kusahihisha.
Nikampa panadoli mbili nikatoka,
maana mimi naendesha boza la maji
na kiu za watu hazina likizo.

Niliporudi alikuwa jikoni
mbele ya jiko lililozimwa.
"Nani anaunguza nazi?"
Hapakuwa na nazi. Hapakuwa na moto.
Akanusa tena, akakunja uso,
akaniuliza mimi fundi wa nani.

Ami Muhanna akaja na rai yake:
"Huyu kaguswa. Ngojeni Ijumaa,
yuko mtu Bahla namjua."
Simcheki ami; ndiye aliyenilea,
na dua naiamini kama ninavyoamini breki.
Ila nakiri: usiku ule tulingoja.
Usiku mmoja mzima niliuachia
kama mtu anayesikia bomba linavuja uani
akajigeuza upande wa pili,
ah, nitalifunga asubuhi.

Kabla ya adhana mkono wake wa kulia ukaanza kuruka,
kisha shavu, kisha kitanda chote.
Gari dogo alikuwa nalo kijana wetu, yuko chuoni Maskati.
Nikampakia kwenye boza
na lita elfu kumi nyuma yangu,
kila kona maji yanatusukuma:
haya, haya, haya.

Dokta Rayyana, mdogo kuliko mke wangu,
alimwuliza, "Mwaka gani huu, mama?"
Ghaniya akafikiri sana, kwa adabu,
akajibu: "Manjano."

Daktari hakuandika. Alisimama.
"Ubongo umevimba. Nashuku kirusi,
pengine kile kile cha malengelenge ya mdomoni.
Hulala kwenye neva miaka na miaka,
mpangaji kimya asiyegongewa mlango,
na kwa mtu mmoja katika maelfu
siku moja hupanda ghorofani."
Nikauliza majibu ya maji ya uti wa mgongo.
"Kesho. Labda kesho kutwa."
Kwa hiyo tungoje?
"Baba, majibu yatatukuta njiani.
Dawa inaanza sasa."

Ikaanza. Tone, tone.
Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku,
siku ishirini na moja.
Nesi Lijimol, mtu wa Kerala, hakuchelewa hata dakika tano;
nilimjua kwa mlio wa viatu vyake.
Mimi, niliyepima maisha kwa lita,
nikakaa natazama maji yasiyojaza kikombe
yakifanya kazi ambayo boza langu haliwezi.

Siku ya sita aliniita jina langu.
Nikatoka nje nikajifanya naangalia matairi.

Hakurudi wote. Lazima niseme.
Njia ya skuli anaifuata kwa kuuliza.
Safari yetu ya Salala, ule ukungu, ule mwavuli uliopinduka,
nimemsimulia mara nne;
ananisikiliza kama mgeni mstaarabu.
Nilimwuliza daktari kama hiyo ndiyo bei ya usiku mmoja.
Akasema hajui, na hakuna ajuaye.
Ningependa angenidanganya.

Sasa penye kisima cha kujazia, foleni ikiwa ndefu,
nawaambia madereva wenzangu, hata wasioniuliza:
homa ikija pamoja na maneno yaliyopotea njia,
washa gari. Dua isomwe humo humo, inasafiri.
Ami Muhanna mwenyewe siku hizi ananiunga mkono,
ingawa husimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha.

Wiki iliyopita, tumekaa na kahawa,
akanyoosha mkono: "Niletee Jumanne."
Safari hii yeye ndiye aliyecheka.
Mimi nilimshika paji la uso kwanza.