Siku ya Tatu

Baba alipika miaka kumi na tisa
kwenye kantini ya mgodi wa nikeli, Sudbury:
mayai mia mbili kabla hakujapambazuka,
supu ya njegere, upawa mrefu kama kasia,
na wachimbaji wakila wima,
kofia zao zingali na taa.
Chakula chake yeye kilikuwa kuonja.
Nusu kijiko, kichwa kikitikisika, basi.

Mama aliidunduliza likizo ile
senti kwa senti katika mkebe wa kahawa.
Akasema: Aurèle, siku tano, Florida,
na hutagusa uma usio wako.

Siku ya kwanza tulilia ndani ya ngome ya plastiki.
Sungura mwenye kichwa kikubwa kama pipa
akaja kutukumbatia mmoja mmoja.
Mdogo wangu Fabien akajitosa chini ya meza,
akakaa huko mpaka keki ilipomtoa.
Bili ililetwa kwenye kijisanduku cha hazina.
Mama alikifungua,
akakifunga,
akanywa maji.
Baba hakuiona. Jicho lake lilikuwa mlangoni mwa jikoni,
ule mlango wa kusukumwa kwa bega.
"Wako wawili tu," akanong'ona.
"Wawili. Meza arobaini."

Siku ya pili, kwa maharamia.
Dakika tisini za foleni, jua la utosi,
kisha samaki waliokatwa umbo la nanga.
Fabien alimeza nanga nne,
akapanda pweza wa chuma anayezunguka,
akazirudisha zote nne.
"Mafuta ya jana," Baba akasema, bila hasira,
kama daktari anayetaja ugonjwa aliouzoea.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu Baba akalitafuta mwenyewe.
Kiamsha kinywa, hotelini: akakusanya sahani zetu,
kubwa chini, ndogo juu,
uma zote zikitazama upande mmoja.
Halafu akahamia meza ya jirani, akaifuta,
na jirani walikuwa bado wanakula.
Mama akamwita kwa majina yake yote matatu.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne,
natamani kuzama katika juisi yangu ya machungwa.

Ya nne ilinyesha.
Ngurumo, magari ya angani yakasimamishwa,
makoti ya nailoni ya njano yakakimbia kila upande.
Tukaangukia kibanda cha supu
kisichokuwamo hata kwenye ramani,
na watu wote waliolowa walikuwa wameangukia hapo hapo.
Ndani, mwanamke mmoja, peke yake.
Beji kifuani: Wisline, na chini yake, Port-de-Paix.
Baba akamsemesha kwa Kifaransa chake cha mgodini,
yeye akajibu kwa Krioli yake, haraka haraka,
nami nikaambulia neno moja tu: chumvi.

Jikoni hairuhusiwi, alisema.
Sawa, Baba akajibu, akabaki upande wetu wa kaunta.
Lakini kanuni haikutaja vijiko.
Akavipanga. Akafungua paketi za biskuti,
akapokea bakuli, akapitisha bakuli,
akamwambia bwana mmoja mnene asubiri zamu yake,
na bwana akasubiri.
Saa nzima.
Mgongo wake, ulioinama tangu uwanja wa ndege,
ulikuwa umenyooka.

Foleni ilipokwisha, Wisline akatoka na bakuli,
supu ya boga, mvuke ukipanda,
akamwekea, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.
Baba akachukua nusu kijiko.
Akatikisa kichwa. Akaweka kijiko chini.
"Nani kakwambia uonje?" akasema yule mama. "Kula."

Akala.
Hatukuongea. Hata Fabien.
Akala mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli likaonekana,
akalipangusa kwa mkate,
akala na mkate.

Siku ya tano siikumbuki vizuri.
Nadhani ilikuwa pitsa.