Tisa Haipigi Hodi

Kemi, saa nane za usiku, mashine ya karatasi ilikwama.
Ahti wa zamu akabonyeza vitufe viwili,
akaiambia programu: basi, funga, yatosha.
Haikufunga. Haikukataa.
Ilinyamaza kama mtu aliyeulizwa neno
huku kajaza maji mdomoni.

Asubuhi, Oulu, ghorofa ya tatu,
Tellervo anaipasua maiti yake:
namba juu ya namba, nyuzi zote zimelala
ila mmoja.
Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Lugha hii ni yake, kaitunga miaka sita,
sarufi yake, mtambo wake, na yule mfagizi
apitaye kumbukumbuni kuzoa
visivyotajwa tena na yeyote.

Kumbe mfagizi alikuwa ghalani,
kajifungia kwa ndani,
nusu ya vitu i mikononi, haijapata pa kukaa,
ishara namba mbili ilipoingia.
Mfumo haukumuuliza umebeba nini.
Ulimshika bega ukamwambia:
acha hapo ulipo, andika kwanza,
“Nimeamriwa kufunga.”
Kuandika kwataka karatasi.
Karatasi zi ghalani.
Akaenda akagonga mlango
alioukomea yeye,
akangoja afunguliwe na yeye.
Bado anangoja.

Tellervo akacheka, kisha akaacha kucheka.
Nani aliandika hivi? Mimi. Mwezi wa tano, kwa haraka.

Kwenye ncha ya meza kuna kisahani,
na ndani yake kifungo cha koti, cheusi.
Ni mkataba wake na Oiva,
miaka sita, leo ana homa, hakwenda chekechea:
shida isiyotoa damu, usinikate kauli.
Weka kifungo, nenda zako.
Nikifika mwisho wa mstari nitatazama.

Akakitazama kifungo.
Akakitazama tena.

Basi mpokea ishara asiandike,
asiombe nafasi, asiguse kufuli,
asijitie kufikiri.
Adondoshe kifungo, arudi alikotoka.
Mfagizi amalize, atue mzigo, afungue mlango,
na pale penye nukta, penye kuvuta pumzi,
mtambo wenyewe utupie jicho kisahani.

Akafuta mistari arobaini. Akaandika kumi na mmoja.
Kwenye mwongozo akaongeza, kwa atakayekuja:
*Mbili hukohoa mlangoni.
Kumi na tano huomba kwa adabu.
Tisa haipigi hodi.
Usiiwekee kisahani.*

Jaribio: akatuma namba mbili mara elfu, mfululizo.
Programu ilisikia, ikatua mzigo, ikaaga, ikafunga.
Safi.
Ila hesabu ilisema: zilizotumwa, elfu.
Zilizopokelewa, saba.
Alijua. Kila kitabu kinasema hivyo.
Kifungo kikishakuwa kisahanini
anayefuata hana cha kuongeza.

Ndipo akageuka.
Oiva kalala sakafuni, kwenye kizingiti cha jiko,
soksi moja mguuni, shavu jekundu.

“Ulikuja mara ngapi?”
“Tatu. Lakini kifungo kilikuwepo.”
“Ulitaka nini?”
“Kwanza maji.”
Akafikiri, macho nusu.
“Ya pili nimesahau.
Ya tatu kulikuwa na sungura mweupe chini pale,
kwenye baiskeli zilizofukiwa.
Ameshaondoka.”

Akampa maji. Akampa tena.
Wakasimama dirishani wote wawili
wakitazama nyayo zilizotoka kwenye baiskeli
mpaka barabarani, zikaishia hapo.

Jioni alimtumia Ahti programu mpya,
akavaa koti kwenda kununua dawa ya homa,
na darajani, juu ya mto ulioganda,
akafunga cha kwanza, cha pili,
vidole vikatafuta cha tatu
vikakuta uzi mtupu.
Upepo ulipita hapo hapo,
haukubisha.