Kufuli la Bafuni

Plovdiv, Februari, saa nane usiku.
Theluji imegeuka tope chini ya dirisha la ofisi
nami nasoma barua ya Bwana Zahari wa Asenovgrad:
"Nabonyeza kiti, kinazunguka. Nabonyeza bei, inazunguka.
Mnauza tiketi za treni, binti, au mnachezesha bahati nasibu?"

Mkuu wetu anataka kununua seva mpya.
Nikamwambia, ngoja.
Nilifungua ukurasa kwa jina langu: ukaganda.
Dobrina, meza ya pili, akafungua kwa jina lake,
dakika ileile, mashine ileile: ukaja kama umeitwa.
Basi si mashine. Si wingi wa watu.
Ni mtu aliyepanga foleni nyuma ya nafsi yake.

Maana kila msafiri ana kikao chake, jalada lake,
na ndani vigeu vinne vitano: jina, lugha, kapu, kiti.
Jalada lina kufuli moja.
Ombi la kwanza likaingia, likafunga,
likasoma jina, kazi ya kupepesa jicho,
kisha, ufunguo bado mkononi, likaenda kuongea na benki.
Sekunde tisa.
Nje wamesimama ndugu zake wa tumbo moja:
picha ya behewa, bei, ramani ya viti,
hata kile kijisaa cha pembeni kisichomdhuru mtu.

Huyu namjua. Ni kaka yangu Ognyan,
orofa ya sita, bafu moja, watu sita,
amekwisha kunawa zamani
anasoma matokeo ya mpira,
na bibi mlangoni, taulo begani:
"Toka, ukasomee jikoni!"

Mwaka juzi, kwa kiherehere, niling'oa kufuli zote.
Kurasa zilipaa.
Ijumaa hiyo maombi mawili yakaandika kapu moja,
la pili likafuta la kwanza,
na mama mmoja akafika stesheni na tiketi ya mtoto, yake hana.

Safari hii sing'oi. Naongeza mstari mmoja tu,
juu, kabla ya benki:
soma, andika ulichobadili, funga jalada, achia.
Kisha kazungumze na dunia upendavyo.

Namwandikia Bwana Zahari: jaribu sasa.
Kumbe naye halali.
"Dirishani," anajibu. "Nimepata."

Ognyan siku hizi yuko Linz, mabafu mawili, peke yake.
Hajazoea, ananiambia,
kutogongewa mlango.