Tope Husamehe

Nkwabi, shuka kwanza.
Zima redio, shuka, mlango uache wazi.
Pikapu hii imekuzidi miaka kumi na moja,
haikubali kuamrishwa na mtu aliyekaa kitini.

Piga goti hapa, tairi la mbele, kulia.
Pangusa tope. Kidude hiki cha duara katikati ya rimu
ndiyo habu, na inajua maneno mawili tu:
huru, na funga.
Maandishi yalifutika zamani, mimi husoma kwa kidole.
Zungusha mpaka isikike *tak*.
Sasa nenda upande wa pili, nami nakuangalia,
maana ukisahau mmoja
nguvu yote itamwagikia kule kusiko na kazi
na utabaki unalaani gari.

Unaiona ile mbuga?
Kutoka Kitunda mpaka hapa umeendesha vizuri,
lakini udongo mweusi haupigi hodi.
Mguu wa mbele unaombwa kabla ya shida,
hauitwi ukiwa umeshazama mpaka ekseli
na abiria wamevua viatu.

Klachi. Gia ile fupi. Hapo.
Ile nzito kabisa, ya mwisho, iache,
hiyo mpaka usimame wima kama mbele ya hakimu,
na si ya kukimbilia:
ni ya kupanda jiwe, kushuka korongo, kumvuta mwenzako.
Leo namba mbili inatosha, na kisigino chepesi.
Tairi linalozunguka bure
linajichimbia kaburi na kulipia sanda.

Mwaka tuliomzika baba
nilipewa funguo na sikupewa maneno.
Nilitoka Puge kwenda Nzega juu ya lami,
yote minne imefungwa,
nikidhani minne ni bora kuliko miwili
kama mtu anayehesabu mabati.
Usukani ukawa mzito. Kwenye kona gari likagoma
kama ng'ombe aliyenusa damu ya mnadani.
Nikakanyaga mafuta.
Difu ya mbele ikalia, ikalia, ikanyamaza.
Fundi Mlekwa alimimina oili kwenye beseni,
na ndani yake vipande vya meno viling'aa
kama dagaa wa Kigoma.
Ndama wawili walikwenda.
Mama hakusema kitu, na bado hajasema.

Hakuwapo wa kuniambia
kwamba kwenye kona tairi za mbele
husafiri mbali kuliko za nyuma.
Topeni zinateleza kidogo, tofauti inaisha, mnaendelea.
Lami imeshika. Lami inaandika kila senti,
na siku ya kulipwa haikubali nusu.
Tope husamehe, Nkwabi. Lami hudai.

Wala usiilaze mwaka mzima.
Hata kiangazi, vumbi likiwa mpaka kwenye kope,
mara moja kwa mwezi tunafunga habu,
tunatembea taratibu kwenye changarawe,
oili ipande juu, vyuma vya mbele
visije vikasahau kazi yao.

Haya. Ingia.
Usipindishe usukani ovyo, usisimame katikati,
usiniangalie mimi, angalia mbele.

*

Ndoo thelathini na mbili za asali, hakuna iliyopinduka.
Nyuki watatu wametufuata tangu mzinga wa Kalunde,
sijui wanadai nini.
Lami ya Sikonge imeanza
na wewe umeendelea, hatua arobaini, hamsini,
mimi nimefunga mdomo, nahesabu kwa meno.

Usukani umekukazia. Umeusikia.
Umesimama, ukarudi nyuma kidogo
vyuma viachiane, gia fupi ikalegea,
ukashuka bila kunitazama,
ukapiga goti juu ya lami ya moto:
kulia. *Tak.* Kushoto. *Tak.*

Umerudi na mikono myeusi
ukaifuta kwenye suruali ya sikukuu.
Redio umeiacha imezimwa.
Nimeiwasha mimi.